Mjadala: Nchi inaposaini mkataba wa tabianchi inaisikiliza dunia au inasikiliza wapiga kura wake?

Mtoa mada

Wakuu habari za usiku. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja anasema Marekani imejitoa mkataba wa Paris, ule wa tabianchi wa 2015, kwa kichaa cha mtu mmoja tu, Trump, na siku akiondoka huyo mambo yatakaa sawa. Mi nikamwambia hapana mzee wangu, hii kitu ni ya zamani kuliko huyo mtu, hata ungemuweka malaika pale White House angepata taabu ileile. Akaniambia haya elezea, nikajikuta sijui nianzie wapi, ndo nimekuja kuyamwaga hapa mnisahihishe.

Tuanze na mkataba wa Kyoto uliotangulia huo wa Paris, Desemba 1997. Nchi tajiri zilikubaliana kupunguza gesi joto kulinganisha na kiwango cha mwaka 1990, Marekani ikapewa 7%, Kanada 6%, sisi wa huku hatukupangiwa kitu. Al Gore, makamu wa Rais Clinton wa Marekani, alipanda ndege mwenyewe mpaka Japani kwenda kuyanusuru mazungumzo. Ila sasa, miezi mitano kabla ya hapo, Julai 1997, Seneti ya Marekani ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kwamba serikali isithubutu kusaini mkataba unaozibana nchi tajiri halafu unaziacha China na India na Mexico, au mkataba utakaoumiza uchumi wao. Tisini na tano kwa sifuri jamani, hata kura ya kubadilisha rangi ya mapazia bungeni haipati hiyo! Na aliyeongoza ile hoja upande mmoja alikuwa Robert Byrd, mtu wa chama kilekile cha Clinton, sema anatoka West Virginia, na West Virginia na makaa ya mawe ni kama Mtwara na korosho.

Kwa hiyo Gore anashikana mikono Kyoto huku nyumbani mlango umeshapigwa kufuli. Serikali ya Clinton ikasaini mwaka uliofuata, Novemba 1998, karatasi ikalala kabatini, haikupelekwa Seneti hata siku moja kwa sababu mkataba unataka theluthi mbili, yaani maseneta 67 kati ya 100, na hao 67 hawakuwepo hata kwa ndoto. Machi 2001 Bush akatangaza hautaki, dunia nzima ikamshukia yeye. Mi naona alichofanya Bush ni kuzika tu, maiti ilikuwepo ndani siku nyingi.

Sasa mtu atasema aah ni Wamarekani tu hao, wana roho mbaya. Angalia jirani yake basi. Kanada uchumi wake umefungamana na wa Marekani, magari makubwa yaleyale, baridi ndo usiseme, na ana mafuta ya mchanga kule Alberta ambayo kuyatoa tu ardhini ni moshi mtupu. Kiakili Kanada ndo alitakiwa akimbie kabisa, hasa baada ya jirani kukimbia maana viwanda vyake vinashindana na vya jirani. Lakini Septemba 2002 Waziri Mkuu Chrétien anasimama kwenye mkutano wa Johannesburg anasema tutauridhia, na Desemba mwaka huohuo wakauridhia, Ralph Klein waziri kiongozi wa Alberta anapiga kelele weee mpaka sauti ikakauka.

Tofauti iko wapi? Watu wanapenda kusema Wakanada ni wastaarabu. Mi sikubali. Tofauti ni nani ana funguo. Waziri Mkuu wa Kanada akiwa na wabunge wengi basi amemaliza, chama kinamfuata, na Chrétien alikuwa anakaribia kung'atuka hana cha kupoteza. Rais wa Marekani hata awe maarufu vipi lazima aende kuwapigia magoti maseneta ambao wengine majimbo yao yanaishi kwa makaa na mafuta. Australia vilevile, Waziri Mkuu Howard alikataa Kyoto miaka yote, uchaguzi wa Novemba 2007 akapigwa, mpinzani wake Kevin Rudd anaapishwa tarehe 3 Desemba na siku hiyohiyo anasaini hati ya kuridhia. Kwani tabianchi ilibadilika kati ya Novemba na Desemba? Kilichobadilika ni kura.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mikutano ya kimataifa ni harusi, ila mahari yanajadiliwa nyumbani. Ukitaka kujua nchi itafanya nini na mkataba wa tabianchi, hotuba za kwenye mkutano achana nazo, uliza nani anaridhia na nani analipa. Karibuni tubishane, matusi pembeni.

Kijiti cha Mwisho

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka mbuga nzima ya Warusi, na sidhani umesahau kwa bahati mbaya maana wanaibomoa hoja yako.

Kyoto ili ianze kufanya kazi ilihitaji nchi 55, na ndani yake nchi tajiri zenye jumla ya 55% ya hewa ukaa ya kundi lao kwa mwaka 1990. Marekani peke yake alikuwa na 36 na ushee, akatoka. Hesabu ikabaki kwa Urusi mwenye 17.4%, bila yeye mkataba umekufa. Putin akakaa nao kama mtu aliyeshika tiketi ya mwisho ya basi la sikukuu. Mshauri wake wa uchumi Illarionov alikuwa anaupinga hadharani. Umoja wa Ulaya wakaja, wakaelewana kuhusu Urusi kuingia WTO, shirika la biashara la dunia, Mei 2004, na Putin akasema wazi kwamba kwa kuwa Ulaya wamelegeza kwenye WTO na wao wataharakisha Kyoto. Novemba 2004 wakauridhia, Februari 16, 2005 mkataba ukaanza.

Niambie hapo kura ya ndani iko wapi? Duma, bunge lao, ilifanya ilichoambiwa. Hiyo ni siasa ya nje mchana kweupe, biashara ya nipe nikupe.

Mtoa mada

@Kijiti umenibana, Urusi nakupa. Ila jiulize kwa nini Ulaya waliinunua Urusi na hawakuweza kuinunua Marekani. Kiwango cha Urusi kilikuwa asilimia sifuri, abaki alipokuwa 1990, na baada ya Sovieti kuvunjika viwanda vilikufa, moshi ulikuwa umeshashuka sana chini ya hapo. Alikuwa anaahidi kitu alichokwishafanya bila kupenda, tena ile ziada ya moshi aliyoruhusiwa na hakuitoa angeweza kuiuza kwa nchi nyingine. Bei yake nyumbani ilikuwa bure. Kwa hiyo nakubali nje inaweza kusukuma, ila inasukuma gari ambalo liko mteremkoni tayari.

Mama wa Baridi

Niko Edmonton mwaka wa tisa huu, hebu na mi niongee maana Alberta mnaiongelea kama iko mwezini.

Mtoa mada umesema Kanada iliridhia ukaishia hapo kama hadithi imeisha vizuri. Haikuisha vizuri. Waliridhia 2002 halafu hawakufanya la maana, moshi ukapanda badala ya kushuka. Harper akaingia uwaziri mkuu 2006 na kiti chake kiko Calgary, hukohuko Alberta, na Desemba 2011 waziri wake wa mazingira Peter Kent karudi tu kutoka mkutano wa Durban akatangaza Kanada inajitoa Kyoto. Sababu aliyotoa ni kwamba kubaki kungegharimu kama dola bilioni 14 za kununua vibali vya kutoa moshi kutoka nchi nyingine. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Ule urahisi uliomuingiza Chrétien ndo uliomtoa Harper, funguo unazozisifia zilikuwa zinafungua pande zote mbili.

Na watu wa huku msiwaone wabaya. Jirani yangu kazi yake ni kuchomelea mabomba, mtoto wake kasoma kwa hela ya mafuta. Hawa wazee bado wanasimulia ule mpango wa nishati wa 1980 wa waziri mkuu Trudeau baba, walivyoona serikali kuu ya Ottawa inawapora mafuta yao, kwa hiyo ukija na mkataba wowote kutoka Ottawa hata kama umeandikwa na Mungu mwenyewe wanaona ni ule wa 1980 umebadilishwa jalada. Halafu akaja Trudeau mtoto, naye waziri mkuu, na kodi ya kaboni, yaani unalipia moshi wa mafuta na gesi unayotumia. Unafungua bili ya gesi ya kupashia nyumba, nje ni minus 30, na kodi imeandikwa pale mstari wake peke yake inakuangalia. Ni kweli serikali ilikuwa inaturudishia hela kila miezi mitatu, familia ya watu wanne Alberta ilifika zaidi ya dola 1,500 kwa mwaka, na wengi tulikuwa tunapata zaidi ya tulichokatwa. Lakini ile hela inaingia benki kimyakimya na kodi inakaa kwenye bili kila mwezi. Poilievre, kiongozi wa upinzani, akaja na kauli ya maneno matatu tu ya kufuta kodi, ikaingia vichwani mwa watu mpaka Carney, mtu wa chama kilekile cha Trudeau, kitu cha kwanza alipoingia uwaziri mkuu 2025 akaifuta kwa wananchi wa kawaida, tarehe mosi Aprili, uchaguzi uko mwezi huohuo. Viwanda vikubwa bado vinalipa. Na Kanada bado iko ndani ya mkataba wa Paris, cheki kitu hicho, mkataba upo na ile kodi haipo.

Ndo maana mi nasema swali la nani amesaini ni dogo. Kusaini ni rahisi.

Bwana Shemeji

Kwa kifupi mikataba ni ya kupigia picha. Nimemaliza.

Mtoa mada

@Bwana Shemeji hapana bwana, ingekuwa ya kupigia picha watu wasingekesha kugombea neno moja. Paris 2015, jioni ya mwisho, rasimu imetoka na kwenye kifungu cha 4 pameandikwa nchi tajiri "shall" ziwe na malengo ya kupunguza moshi kwenye uchumi mzima, yaani lazima. Wanasheria wa Marekani wakaona wakashtuka, wakati kwingine iliandikwa "should", yaani inafaa. Kwa nini washtuke? Kwa sababu neno likiwa lazima, mkataba unakuwa na sura ya kupelekwa Seneti, kule kwenye 95 kwa 0. Nchi karibu 200 zimekaa ukumbini zinasubiri, mwishowe sekretarieti ikasoma orodha ya marekebisho ya kiufundi, kama vile makosa ya uchapaji, na lile neno likiwemo, Fabius, waziri wa Ufaransa aliyeongoza mkutano, akagonga nyundo. Mkataba wa dunia nzima umenyolewa kwa saizi ya kichwa cha Seneti ya nchi moja! Mama wa Baridi hapo nakubaliana na wewe kuhusu funguo, maana Obama aliukubali Septemba 2016 kwa mamlaka yake mwenyewe, kule Hangzhou akiwa na Xi wa China, hakupita Seneti. Ukaanza kazi Novemba 4, na siku nne baadae Trump akashinda.

Kilichofuata mnakijua. Juni 2017 anasema yeye amechaguliwa na watu wa Pittsburgh na siyo Paris. Kutoka hakukuwa kwa papohapo kwa sababu mkataba unakataza kutoa notisi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo na kisha unasubiri mwaka, ndo maana walitoka rasmi Novemba 4, 2020, siku moja baada ya uchaguzi aliopigwa. Biden kaingia Januari 2021 karudisha kwa sahihi siku ileile. Trump karudi Januari 2025 katoa tena kwa sahihi siku ileile. Ni mlango wa duka la Mpemba huo, watu wanaingia wanatoka.

Chongoleani

Nyie mnaongelea Ottawa, mi niongelee nyumbani kwangu Tanga. Bomba la mafuta linatoka Hoima Uganda kilomita 1,443 linaishia hapa kwetu Chongoleani, sehemu kubwa liko ardhi ya Tanzania. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulaani, haki za watu na mazingira, Museveni akawajibu kwa ukali na Kampala wakasema ni ukoloni. Mwenye hisa kubwa pale ni TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa, nchi iliyoalika dunia Paris 2015. Sasa nani anamsomea nani dua hapa?

Na sisi tuko ndani ya huo mkataba, Tanzania tuliuridhia 2018. Katiba ibara ya 63(3)(e) inasema Bunge ndo linajadili na kuridhia mikataba. Mimi mtaani kwetu sikumbuki mtu aliyebishana hata nusu saa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapoteza kitu. Tumeahidi kupunguza 30 mpaka 35% ifikapo 2030 kulinganisha na ambavyo ingekuwa tusipofanya kitu, na ahadi yenyewe inasubiri msaada wa nje. Kwa hiyo mtoa mada swali lako la nani analipa, huku kwetu jibu ni wao. Siasa yetu ya ndani kwenye mkataba haipo, iko kwenye bomba: ajira, fidia za mashamba, bandari.

Tena watu wengi hawajui, mkataba wa Paris wenyewe neno mafuta au makaa ya mawe halimo. Ilichukua mpaka mkutano wa tabianchi wa Dubai 2023 ndo nchi zote zikaandika kwa mara ya kwanza kwamba tuanze kuondoka kwenye nishati hizo. Na kwenye mkutano uleule Rais Samia akazindua mpango wa wanawake wa Afrika na nishati safi ya kupikia, ambayo kwa kiasi kikubwa huku mtaani maana yake ni mtungi wa gesi. Gesi nayo inatoka humohumo kwenye mafuta! Mi sipingi, mama akiacha mkaa mapafu yake yanapona na miti inabaki, nawaambia tu muone jinsi maneno ya huko yanavyotafsiriwa yakifika jikoni.

Mswahili wa Kisiwani

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Lamu. Ndugu wa Tanga nimekusikia lakini si kweli kwamba huku kwetu Afrika Mashariki siasa ya ndani haipo, labda kwenu haijaamka.

Mwaka 2016 Kenya iliridhia mkataba wa Paris, ikapitisha na sheria ya mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uo huo mamlaka ya mazingira ikatoa leseni ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe hapa Lamu, megawati kama 1,050, karibu na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya UNESCO. Serikali ni ile ile na kalamu ni ile ile. Nchi inayojivunia umeme wa mvuke wa Olkaria na wa upepo wa Turkana inataka kuleta makaa ya mawe kwa wavuvi. Nani aliuzuia? Si Paris wala si balozi. Watu wa hapa walikwenda mahakamani, wavuvi na akina mama na mashirika yao, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, na sababu kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki ya China iliyokuwa itoe pesa nayo ikajitoa.

Kwa hivyo mimi nasema mkataba ni kama jahazi, ukiwa bandarini hata nanga huna haja ya kuijua. Sisi hatukuutumia mkataba kuwashtaki, tulitumia katiba yetu na sheria yetu. Lakini sikatai, kuwa nchi ilikuwa imekwisha kuahidi mbele ya watu kulitufaa kwa maneno, tukawaambia mbona huko nje mwasema hivi na huku mwafanya hivi. Aibu nayo ni silaha.

Wa Goma

Miye naongeza Congo kidogo. 2021 kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow rais wetu alisaini mpango wa misitu, dola milioni 500 za wafadhili. Miezi nane baadae, Julai 2022, serikali ikatangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine viko ndani ya misitu ileile na vingine vinagusa hifadhi ya Virunga hapa juu yetu. Oktoba 2024 wakafuta mnada, walisema ofa hazikuwa nzuri. Ona, walisaini sababu ya franga, ni kusema pesa, ya nje, wakauza sababu ya franga ya ndani, wakafuta sababu franga haikukuja. Mbona munatafuta siasa mbali?

Bwana Shemeji

Huyu wa Goma amesema kwa mistari mitano mlichoandika kurasa saba.

Kijiti cha Mwisho

Franga haielezi kila kitu. Rudd alipata nini cha franga? Na hapo mtoa mada hajamalizia, bei ya kaboni ya Australia iliyokuja 2012 ilifutwa na waziri mkuu Abbott Julai 2014, wakati Kyoto aliyosaini Rudd iliendelea kuwepo. Ni yaleyale ya Kanada aliyosema mama. Nadhani hili ndo tulilokuwa tunalizunguka usiku kucha, kwamba mkataba unabaki kwa sababu ya nje, maana kutoka ni aibu kama alivyosema ndugu wa Lamu, halafu sheria inayoutekeleza inakufa kwa sababu ya ndani.

Mtoa mada

@Kijiti hapo umeniongezea kitu, hoja yangu naipunguza kidogo. Za nje zinaamua nani anaingia ukumbini na anakaa mpaka saa ngapi. Za ndani zinaamua anachokifanya akirudi. Marekani ndo wa peke yake anayeweza kutoka bila aibu kumuuma sana, kwa sababu ya ukubwa.

Ila @Chongoleani kuna sehemu moja naomba uifikirie, umesema anayelipa ni wao. Kuna mfuko mkubwa wa tabianchi, Green Climate Fund, wa kuzisaidia nchi kama zetu, Obama aliahidi dola bilioni 3, akatoa bilioni 1, nusu yake akaitoa siku tatu kabla hajaondoka kama mtu anayehama nyumba. Bilioni 2 zilizobaki zikazuiwa 2017. Biden akaja kuongeza bilioni moja 2023. Kwa hiyo sehemu ya ahadi yetu ya 30 mpaka 35% imeshikwa na kura za Pennsylvania na West Virginia. Sisi tunaojiona hatuna siasa ya ndani ya tabianchi, tunatumia ya kwao!

Chongoleani

Hilo sikuwahi kuliwaza hivyo. Kwa hiyo Byrd wa makaa ya mawe ana kura Tanga 😂

Mama wa Baridi

Sasa yule mzee wa kijiweni umemrudia?

Mtoa mada

Nimetoka kwake sa hivi. Nimemsimulia yote, 95 kwa 0, Urusi, neno moja la Paris, mpaka bili yako ya gesi. Kasikiliza vizuri tu. Kisha akaniuliza huyo Byrd bado yupo? Nikamwambia alifariki 2010. Akauliza, na makaa ya mawe ya kwao? Nikamwambia yapo. Akaagiza kahawa nyingine, kwa hela yangu.